Mbio za Salamu

Kwenye njia za vumbi zinazopanda kutoka Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha, yuko mzee mmoja, mwanariadha wa zamani, ambaye alfajiri hufundisha watu kukimbia. Hana filimbi wala saa. Mwanafunzi mpya, awe kijana wa bodaboda au mama aliyeambiwa na daktari ashughulikie sukari yake, hupewa sharti moja: kila utakayekutana naye njiani, msalimie. Tena salamu kamili. Mkubwa wako mpe shikamoo, akishaitikia muulize habari za nyumbani. Wa rika lako mjulie hali mpaka watoto. Na usisimame.

Ukishindwa kuimaliza salamu, umekwenda mbio mno. Tembea mpaka pumzi irudi, kisha uanze tena.

Nimewaona wengi wakianza naye. Siku za mwanzo shikamoo hutoka vipande vipande. Mama anayeshuka sokoni na mkungu wa ndizi kichwani huitikia marahaba na kupita zake, mwanafunzi angali anahema. Mzee hakaripii. Hupunguza mwendo tu, na mwanafunzi hupunguza naye. Hukimbia dakika moja, hutembea mbili, hivyo hivyo mpaka nusu saa ikatimia. Baada ya wiki kadhaa habari za nyumbani zinatoka bila kukatika. Miezi ikishapita, utawasikia kabla hujawaona: wanapiga soga la mvua na bei ya mahindi, nyayo zinagonga udongo kwa pamoja, wala hakuna anayetweta.

Huu ni ufundi, na ninausifu kama ninavyomsifu seremala wa majahazi. Kwa mwendo ule wa chini moyo hujizoeza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na ndani ya misuli mishipa midogo huongezeka. Kano na mifupa huchelewa kuliko moyo na mapafu, ndiyo maana wengi huumia pale pale wanapojiona wameweza. Mzee hulisema kwa kifupi: kifua kimeshapata habari, miguu bado.

Mabingwa wanalijua hilo. Kule Iten, Kenya, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, wanariadha ambao siku ya mashindano humaliza kilomita kwa chini ya dakika tatu huanza mbio zao nyepesi za alfajiri kwa mwendo ambao hata mgeni wa riadha angeufuata. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 mjini Vienna mwaka 2019, dunia ilitazama saa mbili zile. Miaka ya kukanyaga vumbi la Kaptagat pamoja na kocha wake, Patrick Sang, wachache waliitazama. Na mbali kabisa, New Zealand, Arthur Lydiard, ambaye wanafunzi wake Peter Snell na Murray Halberg walitwaa dhahabu siku moja katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960, baadaye aliwafundisha kukimbia hata watu wa makamo wenye maradhi ya moyo. Kipimo chake kilikuwa hiki hiki cha mzee wetu: kimbia huku ukiweza kuzungumza.

Sisi hapa tumeshika hadithi ya maumivu. Tunamkumbuka John Stephen Akhwari akimaliza wa mwisho katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, goti limefungwa bandeji, na ni haki yake kukumbukwa. Lakini miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alishika nafasi ya tano kwa saa 2:15, na hilo halisimuliwi. Ujasiri tunausifu, kazi ya asubuhi nyingi zisizo na mtazamaji tunaipita.

Ndipo tulipofika. Mtu hujiandikisha kilomita 21 kwa ajili ya fulana na medali, akabakiza wiki nne za kujiandaa. Siku ya kwanza anatimka, masikio kayaziba kwa muziki, anawapita wazee bila neno. Wiki ya pili ugoko unauma. Wiki ya tatu anasema hakuumbiwa mbio. Inaniuma kusikia hivyo, maana hakuna aliyemwonyesha pa kuanzia.

Vijana wanaomfuata mzee siku hizi humuuliza kwanza itachukua muda gani kufika kilomita 42. Akiwaambia waje kesho wakasalimie watu, wengi hawarudi. Mashamba ya kahawa nayo yanakatwa viwanja, njia zinazibwa kwa kuta, na wakimbiaji wanasukumwa kwenye lami, kati ya malori na daladala. Yeye bado anatoka kila alfajiri. Wa kumwachia kazi hiyo hajampata.