Msomaji, Mtahini na Vitabu Vijavyo

Mtu aingiaye katika duka la vitabu mjini Nairobi au Eldoret akitafuta riwaya ya Kiswahili, aghalabu huulizwa kwanza ni ya kidato gani. Kwa mwuzaji, swali hilo halina ubaya, kwani ndivyo biashara yake ilivyo. Kwa fasihi ni swali zito, maana ladokeza kwamba msomaji wa Kiswahili nchini Kenya hatambuliwi isipokuwa awe mtahiniwa, au mzazi wa mtahiniwa.

Vitabu vilivyoanza kutahiniwa katika KCSE mwaka 2023 vyatosha kuwa kielelezo. Navyo ni tamthilia ya Timothy Arege, Bembea ya Maisha; riwaya ya Clara Momanyi, Nguu za Jadi; na mkusanyiko wa hadithi fupi uitwao Mapambazuko ya Machweo. Vitabu hivi vimefuatwa na miongozo chungu nzima iorodheshayo maudhui, wahusika na tamathali za usemi, hata yawezekana mwanafunzi akapita mtihani bila ya kuyafungua maandishi yenyewe. Lawama hiyo si ya waandishi. Hata hivyo, mwandishi ajuaye kwamba atasomwa kwa njia hiyo yumo hatarini kuuandikia mwongozo badala ya msomaji.

Nguu za Jadi haikuiepuka hatari hiyo kabisa. Uhasama wa Matuo na Waketwa pamoja na utawala wa Mtemi Lesulia umechorwa waziwazi mno. Mwovu hujulikana tangu atokeapo, na msomaji hapewi nafasi ya kumdhania vingine, sembuse kumhurumia. Mkenya aliyekuwapo mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 ajua kwamba chuki ya kikabila haikuja na sura ya mtemi. Wengi iliwajia na sura ya jirani waliyekuwa wakiazimana naye chumvi. Riwaya yauweka ukabila mbali na msomaji, mahali ambapo ni rahisi kuulaani. Penye uhai zaidi ni kwa Mangwasha, mwanamke wa jamii inayodhulumiwa ambaye papo hapo ni mtumishi katika afisi ya chifu. Riziki yake yatoka katika mkono ule ule unaowakandamiza wenziwe. Lau mwandishi angelikaa hapo kwa muda mrefu zaidi, riwaya ingelikuwa nzito maradufu.

Peponi, tarjuma ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota mjini Dar es Salaam mwaka 2022, haikuja na mtihani wowote. Asili yake ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah, iliyochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1994. Ikabidi mzaliwa huyo wa Zanzibar apewe Tuzo ya Nobel mwaka 2021 ndipo kitabu kirudi kwa lugha ya watu kinaowasimulia. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, achukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la babake. Naye Aziz ni mtu mpole, mtanashati, mwenye adabu, na mwenye kumiliki watu. Khalil amkanya Yusuf mara kwa mara asimwite bwana huyo kwa jina la ujamaa, kwa kuwa hawana udugu. Jambo hili lauma zaidi katika Kiswahili. Neno la Kiingereza halimlazimishi msemaji kueleza kama ni ndugu wa mama au wa baba. Mjomba na ami ni watu wawili mbalimbali, na uongo uliotajiwa nasaba yake ni mkubwa kuliko uongo wa jumla.

Zaidi ya hayo kuna safari ya kwenda bara. Wafanyabiashara wa pwani, watu ambao msomaji amekwisha kuwazoea na hata kuwapenda, wawaita wenyeji wa huko washenzi. Msomaji wa London alisoma dharau hiyo kama habari za mbali. Msomaji wa Kakamega au Machakos aisoma katika lugha aliyofunzwa shuleni kuwa ni ya taifa lake, na waliotukanwa waweza kuwa babu zake. Hakuna mtemi wa kutwikwa lawama. Dharau yatoka kinywani mwa watu wa heshima, katikati ya mazungumzo ya kawaida. Hilo ndilo ambalo Nguu za Jadi ingelihitaji.

Na vitabu vijavyo? Yusuf aachwa akiikimbilia safu ya askari wa Kijerumani. Afterlives ya mwaka 2020, ambamo Hamza ajiunga na askari hao kwa hiari yake, yasomeka kama jibu la mbio hizo, na aliyeimaliza Peponi atataka kulipata jibu hilo kwa Kiswahili vilevile. Huko shuleni nako, watahiniwa wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 wamepangiwa kufanya KCSE mwaka 2027, na mtaala mpya una orodha zake. Ikiwa kitabu cha aina ya Peponi kitaingia katika orodha hizo, mtungaji wa mwongozo atalazimika kuliandika jina la Aziz katika sehemu ya wahusika, kisha atafute neno la kuweka mbele yake.