Jina Halibandikwi

Msanii mmoja amefuma kanga ya karatasi. Mfumo umekaza, kingo zimenyooka, na rangi za pindo zimepangwa na mtu anayeijua kanga.

Lakini jina, yaani maneno ya kanga! Baada ya kufuma tepe zote za magazeti na barua za zamani, msanii alikata herufi nzima nzima za karatasi nyeusi, akazibandika kwa gundi upande wa chini wa mji. Kosa hili sioni wa kulitetea. Sogea karibu: herufi zimelala juu ya mabonde ya mfumo bila kuyagusa, ncha zake zimeanza kubenuka, na chini yake mwandiko wa barua umefunikwa.

Jina lilitakiwa lifumwe. Mshindio, yaani tepe za kukingama, ukipita juu mmoja chini mmoja, nusu ya kila utepe inafichwa na mtande, yaani tepe za urefu. Basi herufi huchapwa zikiwa zimeachana, kila moja iangukie pale utepe unapoibuka. Ukitaka neno lisomeke zaidi, utepe unapita juu ya mitande mitatu ndipo uzame chini ya mmoja. Hata mkasi una hesabu yake: upana wa utepe ufuate mstari wa maandishi. Kwenye kanga hii mistari imekatwa katikati, barua zimebaki madoa, ndipo gundi ikatafutwa.

Shan Goshorn, Mcherokee wa Marekani aliyefariki mwaka 2018, hakufika huko. Mwaka 2011 alichapa picha ya wanafunzi wa shule ya bweni ya Carlisle pamoja na maandishi ya historia ya shule hiyo, akazikata karatasi tepe nyembamba, akasuka kikapu cha kuta mbili. Nyuso zinatambulika, na maneno unayafuata utepe kwa utepe. Mafundi wa Japani wa shifu, kitambaa cha nyuzi za karatasi, nao walisokota nyuzi hata kwa madaftari ya hesabu yaliyokwisha kutumika. Wino ukabaki vidoa tu, na ni sawa, kwa kuwa kitambaa kile hakikuahidi kusomwa. Kanga imeahidi. Fumbo lake liko kwenye maana, herufi ziko wazi.

Na marekebisho yaliwezekana. Jina liko karibu na pindo la chini: mshindio ungefumuliwa kuanzia pindo hadi hapo, tepe zichapwe upya, zirudishwe mahali pake.