Uungwana Bila Sheria: Uhakiki wa Adabu za Kumvizia Loque'nahak

Darasani tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ngano. Katika makala haya ninahakiki mchezo wa kompyuta, na ndani yake jambo moja tu: adabu za wachezaji wanapogombea mnyama adimu. Wenzangu kadhaa walinicheka nilipotaja mada hii. Hata hivyo, mchezo una watunzi, una wahusika na mandhari, na una kanuni zinazoamua nani apate na nani akose. Palipo na kanuni za namna hiyo pana itikadi, na penye itikadi mhakiki ana kazi ya kufanya.

Mchezo ninaouzungumzia ni World of Warcraft, ulioanza mwaka 2004. Toleo lake la Wrath of the Lich King lilitoka mwaka 2008, likarudishwa mwaka 2022 kwa ajili ya wapenzi wa mchezo wa zamani. Hilo la 2022 ndilo nililolicheza hostelini hapa Kampala. Ndani yake mtu anaweza kuwa mwindaji, yaani mhusika anayetembea na mnyama aliyemtiisha porini. Wanyama wengi ni wa kawaida: ukimkosa dubu huyu, mwingine yuko hatua chache mbele. Loque'nahak si wa kawaida. Ni chui wa kiroho, mweupe, mwenye madoa na mwanga mwilini, anayepatikana katika bonde la Sholazar. Huibuka mmoja tu, mahali pamoja kati ya kadhaa bondeni, na akishaondoka watu husubiri saa nyingi kabla hajaibuka tena. Wawindaji wa seva nzima wanamtaka huyo huyo mmoja.

Ugomvi unazidi kwa sababu wanaomtafuta hawana lengo moja. Mwindaji anamtaka akiwa hai. Wachezaji wengine wanamtaka akiwa maiti, kwa kuwa yumo katika orodha ya wanyama na viumbe adimu ambao ukiwaua wote unapewa sifa iitwayo Frostbitten. Kwa hiyo chui mmoja anakuwa hazina kwa huyu na alama ya kutia tiki kwa yule.

Programu inaamua vipi? Inaamua kwa kasi. Aliyewahi kumgusa ndiye mwenye haki, hata kama amefika sasa hivi na mwenzake amekesha hapo. Mwindaji naye yuko katika hali ngumu zaidi kuliko muuaji. Kumtiisha mnyama katika toleo hili huchukua sekunde 20, na muda wote huo unasimama wima ukiraruliwa bila kujibu. Katika sekunde hizo yeyote anaweza kumshambulia chui na kumaliza habari.

Wachezaji wamejitungia desturi mahali ambapo programu imenyamaza. Aliyetangulia kufika ndiye mwenye zamu. Usimshambulie mnyama ambaye mwenzako anamtiisha. Ukiwa muuaji, na mwindaji yupo, mwachie. Ukishampata chui, tangaza, ili waliokuwa wakimvizia wakalale. Hakuna kati ya haya lililoandikwa na watunzi wa mchezo, na hakuna adhabu kwa anayeyavunja zaidi ya kuchafuliwa jina.

Msomaji wa Kampala hahitaji kufika Sholazar ili kuyaelewa. Maji yakikatika, madumu hupangwa mstari mbele ya bomba. Dumu linashika nafasi ya mwenyewe hata akiwa ameenda kunywa chai. Hakuna sheria ya nchi inayosema dumu ni mtu, lakini anayelisogeza dumu la mwenzake ili atangulize lake atasikia maneno mpaka jioni.

Wapo wachezaji wanaoipinga desturi hii. Hoja yao ni moja: kama mchezo unaruhusu, ni halali, na mwenye uchungu aongeze kasi. Huniambia chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Naiona hoja hii kuwa dhaifu kwa sababu mbili.

Kwanza, kasi haigawanywi sawasawa. Seva niliyochezea iko Ulaya. Nikibonyeza kitufe hapa, amri yangu inavuka bara na bahari kabla ya kuhesabiwa, wakati amri ya mchezaji aliye jirani na seva imeshafika. Tukibonyeza pamoja, mimi ndiye wa pili. Basi kanuni ya aliyetangulia kugusa, inayoonekana haina upendeleo, kwa kweli inampendelea mwenye waya mfupi. Desturi ya aliyetangulia kufika inanipa haki ambayo programu haiwezi kunipa, kwa sababu subira haipimwi kwa kasi ya mtandao. Mtu wa Kampala anaweza kusubiri sawasawa na mtu wa Paris.

Pili, hoja hiyo inasahau suala la lugha, ambalo kwetu sisi wanafunzi wa lugha ndilo lenye utamu. Wachezaji wamegawanywa katika pande mbili zenye uhasama, na watunzi wamezuia pande hizo kuelewana: anachoandika adui unakiona kama maneno yasiyo na maana. Huwezi kumwuliza kama amekesha. Huwezi kuomba radhi. Zinabaki ishara za mwili tu: kupunga mkono, kuonyesha kidole, kuinama. Wahenga walisema uungwana ni vitendo. Hapa methali hiyo si nasaha, ni maelezo ya hali halisi, maana maneno yamefungwa.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Nilimvizia chui huyu kwa wiki tatu. Usiku mmoja, kama saa nane, nikamwona. Hatua chache kutoka hapo alikuwa ameketi mwindaji wa upande wa pili, mbilikimo mwenye dubu. Ameketi tu, hajigusi. Ni wazi alikuwa amefika kabla yangu, na ni wazi mwenye mhusika huyo hakuwa mbele ya kompyuta yake. Dumu lilikuwepo, mwenye dumu hayupo.

Nilibonyeza kitufe. Nilijiambia kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Sekunde zikiwa zimebaki tatu au nne, mbilikimo akasimama. Mshale mmoja wake ungetosha kuanza kuniharibia. Hakurusha. Alingoja nikamaliza, akanigeukia, akainama, kisha akaondoka na dubu wake.

Nimeufikiria upinde huo usiofyatuliwa kuliko nilivyomfikiria chui niliyempata. Mimi ninayetetea desturi dhidi ya kasi, niliiacha desturi siku kasi iliponiangukia mimi. Naweza kujitetea kwamba zamu ya aliyeondoka imekufa. Lakini bombani nisingethubutu kusema hivyo, na tofauti pekee ni kwamba bombani mwenye dumu ananijua kwa jina. Yeye hakunijua, wala sikuwa na njia ya kumshukuru, na bado alishika mwiko ambao mimi nilikuwa nimeuvunja mbele ya macho yake.

Je, watunzi wa mchezo hawana lawama? Wanayo. Walichagua uhaba ili chui awe na thamani, kisha wakatuachia sisi kazi ya kugawana haki bila hata kutupa lugha ya kuigawia. Katika matoleo ya baadaye, tangu mwaka 2016, wachezaji kadhaa wa upande mmoja wanaweza kumshambulia mnyama mmoja na wote wakahesabiwa. Hilo ni jema, lakini linawafaa wauaji. Mzoga sasa unagawanyika. Mnyama hai angali wa mtu mmoja.

Hata hivyo, sidai kanuni ibadilishwe mpaka pasibaki nafasi ya kudhulumiana. Programu ikimzuia kila mtu kufanya ubaya, hatutajua tena nani mwema. Ninachodai ni kidogo: tusiite halali kila ambacho mashine haikukikataza. Chui bado ninaye. Kila nikimwita, hujitokeza kando yangu aking'aa, na wachezaji wapya huniuliza nilimpataje. Huwaambia nilisubiri wiki tatu. Hiyo ni kweli, ila si kweli yote, na ndiyo maana nimeiandika iliyobaki hapa.