Haki ya Magurudumu

Miongoni mwa kazi ambazo mwenye gari la zamani anaweza kuzifanya uani kwake bila mitambo ya gereji kubwa, hakuna inayodai uaminifu wa mkono kama matengenezo ya breki za dramu, na ni magari machache yanayolidhihirisha jambo hilo kama Land Rover Series III, iliyoundwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985 na ambayo bado huonekana katika barabara za milimani za Afrika Mashariki. Gari hilo lilitoka kiwandani likiwa na dramu katika magurudumu yote manne. Dramu ni bakuli la chuma cha kusubu linalozunguka pamoja na gurudumu, na ndani yake mna viatu viwili, yaani vipande vya chuma vilivyopindwa mithili ya hilali, ambavyo mafundi huviita breki shuu. Juu ya kila kiatu hubanwa lainingi, ukanda mgumu ambao ndio hasa unaosuguana na dramu na kulisimamisha gari.

Msingi wa kazi hii ni kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, kwamba shinikizo linalotiwa kwenye kimiminika kilichofungiwa huenea sawasawa kila upande. Dereva akanyagapo pedali, masta silinda, ambayo ni pampu ndogo iliyounganishwa na pedali hiyo, husukuma mafuta ya breki katika mabomba membamba hadi kwenye silinda za magurudumu, nazo pistoni za silinda hizo huvitanua viatu. Maumbile, basi, yamekwisha kutoa haki, kwa kuwa gurudumu la kushoto halipewi shinikizo kubwa kuliko la kulia. Kinachoivuruga haki hiyo ni hewa, kutu, uchafu, grisi na uchakavu, na ustadi wa fundi wa breki umo katika kuviondoa hivyo kimoja baada ya kingine, wala si katika kuongeza cha kwake.

Kabla ya nati ya kwanza kulegezwa, liko jambo ambalo waliozoea magari mengine hawalijui. Breki ya mkono ya Land Rover hii haishiki magurudumu, bali ina dramu yake nyuma ya giaboksi inayoshika propela shafti, yaani mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, difu, ambayo ni mkusanyiko wa gia unaoruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja kuzunguka kwa kasi tofauti, huliachia lile la hewani lizunguke, na kwa sababu hiyo lile lililobaki chini huweza kubingirika ijapokuwa breki ya mkono imevutwa hadi mwisho. Kwa hiyo magogo ya kuzuia magurudumu hutangulia jeki, na stendi imara chini ya ekseli hutangulia mkono wa fundi.

Dramu ing'ang'aniapo, asiye na subira huigonga kwa nyundo nzito hata ikapasuka, ilhali mwenye ujuzi hulegeza kwanza kamu za kurekebishia, yaani vipande vyenye umbo la konokono vinavyozungushwa kwa boliti iliyo nyuma ya sahani ya breki, kwa maana mara nyingi viatu vimechimba mfereji ndani ya dramu na ukingo uliobaki ndio unaoizuia kutoka. Vumbi la ndani halipulizwi, kwa kuwa lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo nyuzi zake huleta saratani ya mapafu. Hufutwa kwa kitambaa kibichi. Upande mmoja hufunguliwa na wa pili huachwa umefungwa, ili springi zikichanganyikana pawepo pa kutazamia. Lainingi iliyolowa mafuta haioshwi kwa petroli ikarudishwa, kama wafanyavyo wabanaji wa matumizi, bali viatu vyote vya ekseli hiyo hubadilishwa pamoja, kushoto na kulia, baada ya mvujo wenyewe kuzibwa.

Yako pia mafuta ya breki, ambayo thamani yake huonekana katika mteremko kama ule wa kutoka Lushoto kwenda Mombo. Mafuta ya kiwango cha DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na yakishafikisha maji ya asilimia 3.7 kiwango hicho cha kuchemka huweza kushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke, tofauti na kimiminika, hukubali kushindiliwa, hivyo pedali huzama bila gari kupunguza mwendo. Oili ya injini kamwe haishiki mahali pake, kwani huzivimbisha raba za silinda zote. Baada ya mafuta mapya kutiwa, hewa hutolewa kwa watu wawili, mmoja akikanyaga na kushikilia, mwingine akifungua na kufunga nipeli, yaani skrubu ya kutolea hewa iliyo nyuma ya gurudumu, na pedali haiachiwi kabla ya nipeli kufungwa. Pengine hiyo ndiyo sehemu pekee ya kazi hii isiyomfaa mtu wa peke yake.

Mwisho kamu huzungushwa mpaka gurudumu ligome, kisha hurudishwa kidogo mpaka lizunguke huku msuguano mwepesi ukisikika. Jaribio hufanywa kwa mwendo mdogo kwenye njia ya vumbi iliyo tambarare, na mfanya jaribio hushuka akaitazama michirizi iliyoachwa na matairi ya mbele. Mmoja ukiwa mrefu kuliko mwenzake, au gari likiwa limevutwa upande, dramu hufunguliwa tena.