Nukta, Mabano na Majivu

Na12[(AlO2)12(SiO2)12]·27H2O. Wengi wakiikuta fomula hii ukurasani huiruka, macho yakakimbilia maneno. Ni hasara. Hii ni zeoliti A, fuwele yenye vyumba vidogo ndani yake, iliyotengenezwa na Robert Milton wa Union Carbide, Marekani, mwaka 1949, na maandishi yake yamesukwa kwa nidhamu ambayo mtunzi wa tarbia angeitambua mara moja.

Tuisome taratibu. Namba 12 inarudi mara tatu, kama kina, wala hairudi kwa urembo. Alumini ikikaa mahali ambapo silikoni ingekaa, huleta chaji hasi moja, na kila chaji lazima ipate sodiamu ya kuituliza. Alumini 12, basi sodiamu 12. Ndani ya mabano mna sharti jingine lisiloandikwa, lililoelezwa na Loewenstein mwaka 1954: alumini mbili hazishiriki oksijeni moja. Kwa kuwa hapa silikoni na alumini ziko sawa kwa idadi, hazina budi kupokezana, moja baada ya nyingine, jengo zima.

Kinachonivutia zaidi ni vilivyoachwa nje ya mabano. Mabano yamefunga jengo lenyewe. Sodiamu imesimama mlangoni, na maji yamewekwa mwisho, baada ya nukta. Nukta ile inatuambia kwamba maji hayo yana ruhusa ya kuondoka. Pasha moto, yatatoka kama mvuke (Cronstedt, Mswidi, aliuona mvuke huo mwaka 1756 alipochoma jiwe la asili la jamii hii), na jengo litabaki wima, vyumba vitupu, tayari kunyonya kitu kingine. Sodiamu nayo, kwa kuwa haikufungiwa ndani, hubadilishwa: kalsiamu moja ya maji magumu inaingia, sodiamu mbili zinatoka. Zeoliti A ilipoanza kuchukua nafasi ya fosfati kwenye sabuni za unga za Ulaya miaka ya 1970, biashara yote ilisimama juu ya badilishano hilo.

Sasa leta majivu. Mwaka 1985 Höller na Wirsching walionyesha kwamba majivu laini yanayonaswa kabla moshi wa mitambo ya makaa ya mawe haujatoka dohani yanaweza kugeuzwa zeoliti, maana sehemu yake kubwa ni silika na alumina katika hali ya kioo. Huchanganywa na kostiki soda na maji, yakapikwa kwa saa nyingi kwenye chombo kilichofungwa. Kioo kinayeyuka, fuwele zinajijenga. Afrika Kusini, ambako shirika la umeme la Eskom huchoma makaa ya mkoa wa Mpumalanga na kurundika majivu yake, Leslie Petrik na wenzake wa Chuo Kikuu cha Western Cape wameifanya kazi hii kwa miaka mingi, hadi kujaribu maji machafu ya migodini badala ya maji safi. Mara nyingi kinachopatikana ni zeoliti Na-P1, nayo huandikwa Na6Al6Si10O32·12H2O.

Hapo ndipo fomula inaponikera. Hesabu yake haina kasoro: alumini 6, sodiamu 6. Lakini chuma cha majivu kiko wapi? Yako wapi makaa ambayo hayakuungua, yale yanayoupa unga rangi ya kijivu? Fomula inataja fuwele peke yake, kisha inabandikwa juu ya mfuko mzima.

Ndiyo maana mimi huamini zaidi mchoro wa eksirei, ambao makala za utafiti zinazotoa fomula hiyo huuchapa kurasa chache mbele. Mchoro wa majivu mabichi una kichuguu kipana kati ya nyuzi 20 na 30 hivi za pembe. Hicho ndicho kioo. Juu yake, penye nyuzi 26 na ushei, vimechomoza vilele vya madini ya kwatsi na mulaiti, vimebanana. Tazama mchoro wa baada ya kupika. Kichuguu kimebonyea, na vilele vipya vimeota karibu na 12.5, 21.7 na 28.1, ambavyo ni alama za zeoliti Na-P1. Ila pale penye 26 vilele vile viwili bado vipo, vimefupika tu. Kostiki imekula kioo, mulaiti imegoma.

Mgomo huo una bei. Shigemoto na wenzake, mwaka 1993, waliyachoma majivu pamoja na kostiki kwenye joto la nyuzi 550 za Selsiasi kabla ya kutia maji, na kwa sehemu kubwa mulaiti ikasalimu amri. Moto huo, bila shaka, unalipiwa. Kwa kunasa metali kwenye maji taka, unga wa kijivu unatosha. Kwa sabuni hautoshi, mnunuzi anataka nyeupe.

Hata mchoro una upofu wake. Unaona fuwele, haukioni kimiminika chenye kostiki kilichobaki baada ya kuchuja. Mwenye kiwanda atakihesabu hicho kwanza. Akikimwaga ni sumu na hasara, na akikirudisha kwenye tangi, silika na alumini zilizomo zitavuruga vipimo vya mpiko unaofuata.