Wanaobisha Hodi kwa Mugo: Ujasusi na Mapenzi katika Msuko wa A Grain of Wheat

Watu wa Thabai wana siri nyingi, na zile nzito zaidi wanazipeleka katika nyumba moja. Kihika, mpiganaji wa msituni, muda mfupi baada ya kumpiga risasi D.O. Robson, anaingia humo usiku na kumweleza Mugo anavyotaka kijiji kijipange. Miaka inapita, vita vinakwisha, na Gikonyo seremala anaketi mbele ya Mugo yuleyule akisimulia jinsi alivyokiri kiapo akiwa kizuizini. Mumbi, mke wa Gikonyo na dada wa Kihika, anakuja kwa zamu yake kueleza alivyozaa na mwanamume mwingine mumewe akiwa hayupo. Wote wanamwamini Mugo kwa sababu ni mkimya. Wote wanamweleza mtu aliyemuuza Kihika kwa Wazungu.

Msuko wa A Grain of Wheat, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyotoka mwaka 1967, umesimama juu ya ziara hizo. Riwaya hii imezoeleka kusomwa kama historia ya ukombozi, nayo ni historia kweli. Lakini umbo lake ni la riwaya ya kijasusi, na injini yake ni mapenzi. Ngũgĩ alimsoma Joseph Conrad kwa makini akiwa Makerere, na deni lake kwa Under Western Eyes ya mwaka 1911 halijifichi: huko Razumov anamkabidhi mwenzake kwa polisi, kisha anampenda dada wa marehemu na kushindwa kuendelea kuificha kweli. Conrad alimweka mwalimu mzee Mwingereza katikati ya msomaji na siri, ndiye awe msimulizi. Ngũgĩ hakumhitaji mtu wa namna hiyo. Nafasi yake amekipa kijiji.

Kwa msomaji wa Kakamega vita hivi vya Mau Mau vilizoeleka kuonekana kama mambo ya mbali, ya Mlima Kenya na Nyandarua. Riwaya yenyewe inavisogeza. Mojawapo ya kambi anamozuiliwa Gikonyo inaitwa Yala, na huku kwetu jina hilo ni la mto unaopita kwenye msitu wa Kakamega kabla ya kwenda kumwaga maji yake Ziwa Victoria. Katika historia halisi mahabusi wa Mau Mau waliletwa hata visiwani, Mageta na Saiyusi, katika ziwa hilohilo. Tangu Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, watu wa kabila moja, mara nyingine wa nyumba moja, walijikuta pande mbili: huku wapiganaji wa msituni, huku homgadi wa serikali. Mauaji ya Lari ya tarehe 26 Machi 1953 yalionyesha ukali wa mpasuko huo. Ndiyo maana naviita vita vya wenyewe kwa wenyewe bila kusita, hata kama vilikuwa pia vita dhidi ya mkoloni.

Vita vya namna hiyo vina silaha yake maalumu, nayo ni taarifa. Mwezi Aprili 1954, wakati wa Operesheni Anvil jijini Nairobi, maelfu ya watu walipitishwa mbele ya mashahidi waliofunikwa magunia yaliyotobolewa matundu ya macho. Watu waliwaita gakunia. Kutikisa kichwa tu kulitosha kumpeleka mtu kizuizini. Karanja, homgadi katika riwaya hii, amewahi kukaa ndani ya gunia la aina hiyo, na Ngũgĩ anaitumia hali hiyo kwa ustadi: anatuingiza ndani, tuyaone yale matundu kwa upande wa mwenye kuchungulia. Karanja anakumbuka alivyojihisi kuwa na nguvu humo, akiona bila kuonekana. Hapo ndipo riwaya inapotuonyesha, bila kututajia, kazi ya msimulizi wake. Naye pia huona bila kuonekana, huchagua nani amtikisie kichwa, na kwa muda mrefu anamtikisia Karanja.

Wakati wa sasa wa hadithi ni siku chache tu kabla ya Uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963, lakini kila sura ina mlango wa kurudi nyuma, na ndani ya kumbukumbu kuna kumbukumbu nyingine. Mbinu rejeshi ya namna hii huweza kumchosha msomaji, na sura za mwanzo zinadai subira. Subira hiyo hulipwa. Riwaya inaanza ndani ya kichwa cha Mugo, akiwa macho kitandani, na tangu ukurasa huo msimulizi anaingia na kutoka katika fikra zake apendavyo. Hata hivyo jambo moja, lile la pekee lenye uzito, analizuia. Anatupa jasho la Mugo, hofu yake anapoamkiwa njiani, kigugumizi chake wazee wanapomwomba ahutubie siku ya Uhuru. Tunapewa dalili zote za ugonjwa, ila jina lake.

Msomaji mkali anaweza kulalamika kwamba huo ni udanganyifu: ukishaingia katika akili ya mhusika, una haki gani kumfichia msomaji kile ambacho mhusika huyo hawezi kukisahau hata dakika moja? Nimelifikiria lalamiko hili mara nyingi na sikubaliani nalo. Mugo mwenyewe ndiye anayekwepa. Kila kumbukumbu inapokaribia ofisi ya John Thompson, ofisa wa kikoloni, sentensi inageuza njia na kwenda kwa shangazi yake mlevi, kwa shamba lake, kwa handaki alimoingilia kati kumtetea mwanamke aliyekuwa akipigwa. Kitendo hicho cha handakini kilikuwa cha kweli na cha ujasiri, na kijiji kikamjengea sifa juu yake. Basi kimya cha Mugo kina maana mbili kwa wakati mmoja: wanakijiji wanakisoma kama unyenyekevu wa shujaa, na msomaji anakisoma kama wao kwa sababu msimulizi amekataa kumpa zaidi. Tunakosea pamoja na Thabai. Mwandishi asingeweza kutufikisha hapo kwa njia ya haki zaidi.

Wakati huohuo riwaya inatuchorea mshukiwa mwingine. Jenerali R. na Luteni Koina, waliorudi kutoka msituni, wanamsaka aliyemsaliti Kihika na wana hakika ni Karanja. Wanamtuma Mwaura, anayefanya kazi na Karanja katika kituo cha utafiti cha Githima, ajifanye rafiki na kumshawishi aje mkutanoni siku ya Uhuru. Huu ni ujasusi uleule, ila umebadilisha mkono. Waliokuwa wakichunguzwa sasa ndio wachunguzi, na Ngũgĩ hawapambi kwa sababu ya ushindi wao.

Kiini cha riwaya, kwa maoni yangu, ni ukurasa ambao mapenzi na taarifa vinakuwa bidhaa moja. Karanja amekuwa chifu. Kwa miaka amemtaka Mumbi, naye Mumbi kwa miaka hiyo yote amemkataa, akimngojea Gikonyo. Siku moja Karanja anamwambia kwamba Gikonyo anarudi. Amelijua hilo kwa cheo chake, kwa sababu majina ya wanaoachiliwa hupitia kwa chifu. Furaha ya habari hiyo inamlegeza Mumbi, na katika kulegea huko Karanja anapata alichokitaka. Mumbi anaangushwa na habari njema ya mumewe. Sijui tukio jingine katika fasihi ya Kenya ambamo nguvu ya serikali inaingia kitandani kwa umbo jembamba kiasi hicho: bila bunduki, kwa jina kwenye orodha.

Na tazama mpangilio. Tunamfahamu mtoto kwanza. Tunamwona kwa macho ya Gikonyo, aliyetembea njia ndefu kutoka kizuizini akimfikiria Mumbi peke yake, aliyekiri kiapo kwa ajili yake, na anayemkuta Mumbi amebeba mtoto wa Karanja. Ni baadaye tu ndipo Mumbi anapopewa nafasi ya kusema, kwa sauti yake mwenyewe, tena akimwambia Mugo. Tumeshamhukumu wakati huo. Kama Ngũgĩ angefuata kalenda, Mumbi angesamehewa kabla ya kulaumiwa, na Gikonyo angeonekana mtu mgumu tu. Kwa kuupindua mfuatano, amemfanya msomaji atende kosa la Gikonyo kwa nia njema kabisa, kisha akamwacha alitafakari.

Ukizilinganisha simulizi hizi, utaona kitendo ni kimoja: mtu anafungua kinywa na kusema anachokijua. Gikonyo akikifungua mbele ya maafisa, anavunja kiapo. Akikifungua mbele ya Mugo, anapata nafuu. Mugo akisema mbele ya Thompson, Kihika anakamatwa na kunyongwa hadharani. Akisema mbele ya Mumbi usiku wa kuamkia Uhuru, anaanza kuwa mtu tena. Riwaya haitoi kanuni ya kutofautisha ungamo na usaliti. Inabadilisha msikilizaji tu, na kutuacha tupime.

Mbio mbili za Gikonyo na Karanja, za kwanza kwenda kituo cha reli cha Rung'ei wakiwa vijana, za pili siku ya Uhuru, zimepangwa kwa ulinganifu ulio wazi mno. Katika zile za kwanza Gikonyo anaacha kukimbia, anabaki na Mumbi, na anashinda kwa kutofika. Katika zile za pili wanaanguka pamoja na mkono wa Gikonyo unavunjika. Inatosha. Kadhalika hadithi ya Margery, mke wa Thompson, na uhusiano wake na Van Dyke: ipo ili nyumba ya Mzungu nayo iwe na usaliti wake, na naona mkono wa mpangaji humo kuliko uhai wa wahusika.

Thompson mwenyewe anavutia kwa sababu ya karatasi zake. Ana daftari la mawazo juu ya Afrika, vipande vifupi anavyokusudia kuvifanya kitabu, Prospero in Africa. Katika riwaya ambayo Waafrika wake husimulia kwa mdomo, wakikatizwa, wakirudia, wakiona haya, yeye huandika kwa kujiamini. Kakamega tuna tawi la hifadhi ya nyaraka za taifa, na aliyewahi kusoma ripoti za maafisa wa kikoloni anaijua sauti hiyo: fupi, safi, yenye uhakika, iliyojengwa juu ya minong'ono ya watoa habari ambao majina yao hayatajwi. Thompson ndiye aliyekuwa na madaraka Rira, kambi ambako mahabusi kumi na mmoja wanauawa, idadi ileile ya waliouawa katika kambi ya Hola tarehe 3 Machi 1959. Ngũgĩ anaiweka sentensi safi ya ofisa kando ya maiti hizo na haongezi neno.

Halafu inakuja siku ya mkutano, na hapa mwandishi anafanya jambo ambalo linanistaajabisha kila ninapolisoma. Msomaji ameshaijua siri ya Mugo sura moja kabla ya kijiji. Ndipo msimulizi, aliyekuwa akiingia kichwani mwa Mugo tangu mwanzo, anatoka humo na kusema "sisi". Sisi hatukumwelewa. Wingi huo unamkumbatia msomaji pamoja na wanakijiji, lakini msomaji anajua wasichokijua. Ameketi kati yao na siri mfukoni. Kwa kurasa kadhaa sisi tunaosoma ndio majasusi wa Thabai, na unyonge wa hali hiyo hauelezeki kwa hoja, unahisiwa tu katika kiwakilishi hicho.

Wanaotoka Lugari na Likuyani, penye Wabukusu na Watachoni, wataitambua hadhira hiyo. Baada ya mazishi ya mzee wa heshima, msemaji wa jadi husimama katika kumuse, fimbo mkononi, akatembea mbele ya umati uliokaa kimya, akaitaja historia ya jamii na kuwaonya waliobaki. Si kila mtu ana haki ya kusimama pale. Mkutano wa Rung'ei ni matanga ya Kihika yaliyochelewa, na Mugo amechaguliwa kuwa msemaji wake. Anachofanya ni kuitwaa nafasi hiyo na kuitumia kinyume cha kanuni zake zote: badala ya kumsifu marehemu, anasema nani alimuua. Maneno yake ni machache kuliko tulivyotegemea baada ya kurasa zote hizo za kuficha. Umati unampisha apite. Francis Imbuga, mwana wa Vihiga, alitumia jukwaa katika Betrayal in the City kufichua usaliti kwa mlio wa bunduki wakati wa mazoezi ya mchezo. Ngũgĩ anafichua kwa kimya, na kimya hicho kinawasumbua wazee Warui na Wambui zaidi ya risasi yoyote, hata baada ya Mugo kuhukumiwa.

Sura za mwisho zina majina ya watu, kisha ya mwisho kabisa inaitwa Harambee. Jina hilo linaahidi upatanisho, na wengi wameisoma hivyo: Gikonyo yuko hospitalini, anawaza kigoda atakachomchongea Mumbi, na katika mawazo yake anaongeza umbo la mwanamke mjamzito. Mimi nasita hapo. Mwanamke huyo anachongwa kichwani mwa Gikonyo, Mumbi hajaulizwa. Mumbi mwenyewe, alipotembelea kitanda chake, hakukubali yale yaliyotokea yafungwe kwa neno moja la haraka. Alitaka wakae, wazungumze. Riwaya iliyojaa watu wanaomwambia Mugo kila kitu inamalizika kabla mume na mke hawajaambiana lolote la maana, na Ngũgĩ ameyaacha mazungumzo hayo nje ya kitabu kwa makusudi. Yangekuwa ya kwanza yasiyo na msikilizaji wa tatu.