Msimulizi na Kiti cha Hakimu: Nafsi ya Usimulizi katika Rosa Mistika na Kichwamaji

Katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili, suala la msimulizi aghalabu humalizwa kwa sentensi moja: mwandishi ametumia nafsi ya kwanza, au ametumia nafsi ya tatu. Baada ya hapo mhakiki hukimbilia dhamira na maadili, kana kwamba nafsi ni suala la viambishi tu. Makala haya yanashikilia kwamba nafsi ya usimulizi ndiyo inayompangia msomaji mahali pa kuketi, na hivyo kuamua hukumu anayoweza kuitoa. Tutalifafanua dai hili kwa kurejelea riwaya mbili za marehemu Euphrase Kezilahabi (1944–2020): Rosa Mistika (1971) na Kichwamaji (1974).

Mnamo 1972, Gérard Genette alisisitiza kutenganishwa kwa maswali mawili yaliyokuwa yakichanganywa: nani anasema, na nani anaona? Kwa madhumuni yetu tunaongeza la tatu: msomaji anajulishwa nini, na wakati gani?

Rosa Mistika inasimuliwa na msimulizi maizi katika nafsi ya tatu. Tunaingizwa nyumbani kwa Zakaria, mlevi wa Ukerewe, na kushuhudia Rosa akipigwa kikatili kwa sababu ya barua ya mvulana. Ni baadaye tu ndipo tunapomwona akipotoka akiwa masomoni. Mpangilio huu una uzito. Wahusika wanaomlaumu Rosa wanayaona matokeo. Msomaji ameonyeshwa chanzo. Rosa anapojiua, msomaji hawezi kujiunga na wanaomlaani bila kukana alichokwisha kukishuhudia. Msimulizi amempa kiti cha hakimu pamoja na ushahidi ambao wahusika hawana. Walioiona riwaya hii kuwa chafu, hata ikapigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania, waliyasoma matendo bila kuusoma usimulizi.

Kichwamaji inakipindua kiti hicho. Msimulizi ni Kazimoto mwenyewe, msomi wa chuo kikuu. Tunamtazama Manase, aliyemharibia maisha dada yake Rukia, kwa macho ya Kazimoto, na chuki yake inakuwa yetu. Mtoto wa Manase anapozaliwa na kilema, ni rahisi kuona kwamba mkosaji amevuna alichopanda. Lakini Kazimoto anamwoa Sabina, dada ya Manase, na mtoto wao naye anazaliwa na kilema. Msomaji aliyeketi kando ya msimulizi ili ahukumu anajikuta kizimbani pamoja naye. Msimulizi maizi angeweza kumwonya mapema; nafsi ya kwanza inamwacha aanguke.

Nafsi hiyo pia huficha. Nia ya kulipiza kisasi kupitia kwa Sabina tunaisikia kutoka kinywani mwa mwenye nia. Moyo wa Sabina haufunguliwi mbele yetu. Yumkini mhakiki akadai kwamba mhusika huyu hakukuzwa ipasavyo. Tunavyoona sisi, kimya hicho ni kipimo cha upofu wa Kazimoto. Ni msimulizi wa aina ambayo Wayne Booth, mnamo 1961, alitufundisha kutomwamini moja kwa moja.

Kutokana na hayo, si halali kuyachukua mawazo ya Kazimoto kuhusu maisha kuwa ndiyo falsafa ya mwandishi. Ni kweli kwamba udhanaishi umejitokeza waziwazi katika kazi za Kezilahabi. Hata hivyo, mwandishi huyo huyo ndiye aliyemfikisha Kazimoto kwenye kujiua. Mawazo yaliyomfikisha mwenyewe huko yametolewa ili yapimwe, si yakaririwe.

Riwaya zote mbili zinaishia katika kujiua, na zote zimetolewa mafunzo ya kimaadili yanayokaribiana. Usimulizi unaonyesha kwamba hazifanani: ya kwanza inatutaka tuwahukumu waliomhukumu Rosa, ya pili inatutaka tujihukumu wenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kumwuliza mwanafunzi Rosa au Kazimoto anatufunza nini, hatuna budi kumwuliza ni nani aliyetuonyesha mhusika huyo, na alisimama wapi alipokuwa akimtazama.